Sanduku la Gemu: "Mwali wangu anauawa kila usiku, nifanyeje?"

Mwezi huu barua zimegongana, wengi mmeuliza gemu moja tu, Kunitsu-Gami: Path of the Goddess ya Capcom, nadhani kwa sababu imekuwa inashushwa bei mara kwa mara na watu wanaiona kwenye ofa afu wanasita. Haya basi, tuimalize leo.

Kaka wa gemu shikamoo. Nina PS4 ya zamani, huwa nacheza mpira na zile za kupiga risasi basi. Jamaa yangu kanionyesha hiyo Kunitsu-Gami, mara anakata mashetani kwa upanga, mara anasimama anapanga wanakijiji kama anacheza bao, sijaelewa kabisa. Ni gemu ya aina gani, na je nitoe hela au nitalia? — Msomaji, Tanga

Marahaba mdogo wangu. Umesema bao na umepatia kuliko unavyojua, nitarudi hapo.

Gemu ilitoka tarehe 19 Julai 2024, PS4 yako imo, PS5 imo, Xbox zote mbili na kompyuta, na Juni 2025 ikaja ya Switch 2 ya Nintendo. Capcom ni walewale wa Resident Evil na Street Fighter, na injini wanayotumia humu, yaani programu ya kutengenezea gemu, ni ileile waliyoanza nayo kwenye Resident Evil 7, ndo maana ukiangalia kitambaa cha yule binti au tope la kwenye majani unaona kabisa hii sio kazi ya bahati mbaya.

Hadithi yake ni hivi. Kuna mlima unaitwa Kafuku, umechafuka, mashetani yanaitwa Seethe yameuvamia, na kuna binti anaitwa Yoshiro, mimi namwita mwali, ambaye inabidi ateremke kutoka kileleni mpaka chini akisafisha kijiji kimoja kimoja kwa ngoma. Ndiyo, kwa kucheza ngoma. Wewe ni Soh, mlinzi wake, una upanga. Mchana unazunguka kijiji unakomboa watu waliokwama kwenye uchafu, unaokota fuwele, mafundi wanakarabati minara na vizuizi, na unamchorea mwali njia ya kwenda kwenye torii, lile lango jekundu la Kijapani. Jua likizama lango linafunguka na mashetani yanatoka kumtafuta yeye, hata wewe hawana habari na wewe sana. Akifa, umekwisha.

Sasa bao. Wale wanakijiji unawavisha vinyago, na kinyago ndo kinampa mtu kazi: huyu mkata kuni, huyu mpiga mishale, yule mcheza sumo, yule mganga wa kuponya wenzake, hata mwizi yupo, kazi yake kufukua mali zilizofichwa. Kila kinyago kina bei ya fuwele, na mzuri ni ghali. Lakini njia ya mwali nayo unaichora kwa fuwele zilezile. Mfuko mmoja, mahitaji mawili! Ukimsogeza mwali mbali umepunguza usiku wa kukesha ila umebaki na jeshi la wakata kuni watatu, ukinunua jeshi zuri mwali anabaki palepale na kesho usiku mashetani yanakuja tena makali zaidi. Kwangu mimi hapo ndo gemu ilipo, vingine vyote ni mapambo, na ni wazo zuri kiasi kwamba nilikuwa naoga najikuta nawaza nani nimvishe kinyago gani.

Nzuri nyingine ni kwamba haijirudii kijinga. Unafika kijiji kimoja unaona uko kwenye mashua, huna pa kukimbilia, kingine Soh mwenyewe hawezi kupigana, yuko kama kivuli, kazi yako ni kuamuru tu na kuomba Mungu. Na mabosi, yale mashetani makubwa! Kila bosi ana tabia yake, na ukimshinda anakuachia kinyago kipya, kwa hiyo una sababu ya kumtafuta na sio kumkwepa.

Ubaya upo na sitauficha. Mkono wa kupigana ni mwembamba, hasa mwanzoni. Vifungo viwili vinakata na kuzunguka, Soh anakata kama anacheza ngoma, inapendeza machoni, lakini baada ya saa tatu nne umeshaona yote mpaka ufungue mbinu mpya, na kama umezoea gemu za Capcom za kukatana ambazo kidole kinauma kesho yake, hapa utaona umepewa uji. Kamera nayo kwenye vichochoro inaingia ukutani, unasikia tu unapigwa hujui na nani. Na wanakijiji ni watiifu kupita kiasi, ukimwambia simama hapa atasimama hapo hata shetani likipita mita kumi pembeni yake linaelekea kwa mwali, yeye kimya, kama mlinzi wa geti amelala.

Afu kuna ile biashara ya kurudi vijijini. Ukishasafisha kijiji kinakuwa kambi, unarudi unapanga watu wakarabati nyumba na madaraja, unaenda kucheza kijiji kingine, unarudi kuchukua zawadi. Mara ya kwanza raha, kuna utulivu fulani, unasikia ndege. Mara ya tisa ni kama kukusanya kodi za wapangaji.

Hela yako? Kama unapenda kuwaza kabla ya kupiga, toa. Kama PS unawasha ili kichwa kipumzike baada ya kazi, baki na mpira wako, hakuna dhambi.

Broo mimi nishanunua na nimekwama. Mchana nafanya kila kitu fresh, usiku ukifika milango inafunguka miwili, nakimbilia huku nakuta kule washamfikia Yoshiro, nakimbilia kule huku pamevunjika. Mara ya sita sasa. Nifanyeje kabla sijatupa padi ya kuchezea? — Msomaji, Mwanza

Usitupe padi, padi ina bei. Shida yako naijua maana nilikuwa nayo mimi, na haikuwa usiku, ilikuwa mchana.

Ngoja nikupe picha ya usiku wangu mmoja. Nilikuwa na watu watano. Mchana wote nilichora njia, nikajisifu, mwali karibu anafika langoni, zimebaki kama hatua ishirini hivi. Fuwele zimeisha. Watu watano wote wakata kuni kwa sababu ndo rahisi. Jua likazama, nikajipanga mbele ya lango kama shujaa, na mashetani ya kutambaa nikayakata vizuri tu, kumbe kuna yanayoruka. Mkata kuni na shoka lake atafanya nini juu ya kitu kinachoruka? Wamesimama wanaangalia juu kama watu wanaosubiri mvua. Mwali akapigwa mbele ya macho yangu, mita chache kutoka langoni.

Kesho yake nikafanya kinyume. Sikuchora njia yote, nilimsimamisha mwali mahali pembamba kati ya nyumba mbili, kwa hiyo hata kama milango ni miwili wote lazima wapite penye koo moja. Wapiga mishale wawili juu sehemu iliyoinuka nyuma yake. Mcheza sumo mmoja mbele kabisa, ghali lakini kazi yake ni kuvuta hasira za mashetani yaje kwake, kwa hiyo yanamsahau mwali. Mkata kuni mmoja pembeni yake. Mimi nikaachana kabisa na upande ule, nikaenda kusimama kwenye lango la pili peke yangu. Usiku ulipita nikiwa na damu nusu.

Kwa hiyo cha kwanza, mwali asisimame katikati ya uwanja hata kama njia imefika hapo, tafuta koo. Cha pili, mchague mtu kwa kazi ya lango lake na sio kwa bei. Ukipata yule mtawa anayepunguza mwendo wa maadui, mweke kwenye koo hilohilo, utaniambia. Na ukifa wewe, usizime! Soh akianguka anageuka roho kwa muda, hawezi kupiga lakini anaweza bado kuamuru watu, wengi wanaona wamekufa wanaachia padi mezani wakati ndo muda wa kuhamisha wapiga mishale.

Na nyingine ndogo, musubi, zile pointi za kuongezea vinyago nguvu unazopata kwa kazi za vijijini, usizigawe kidogokidogo kwa kila kinyago. Chagua viwili unavyovitumia kila siku, vinenepeshe hivyo.

Inachezwa na watu wawili? — Msomaji, Morogoro

Hapana. Peke yako tu. Ila mdogo wako akikaa pembeni akiangalia lango la pili na kupiga kelele "wanakuja!" hiyo nayo ni timu, nimejaribu.

Asalaam aleikum. Mimi ni mama, mwanangu wa kidato cha pili anacheza mchezo una majini, vinyago na mwanamke anacheza kama anapungwa. Nimeingiwa na wasiwasi. Je ni ushirikina huu? — Mama, Mombasa

Waaleikum salaam mama yangu. Wasiwasi wako nauelewa, mtu akipita sebuleni akaona kinyago chekundu kinatikisika na ngoma zinalia lazima asimame.

Wanachokionyesha ni mambo ya dini ya jadi ya Wajapani, Shinto. Lile lango jekundu ni torii, ukienda Japani unalikuta mbele ya mahekalu yao, linaonyesha hapa umeingia eneo la miungu. Ile ngoma ya binti imetoka kwenye kagura, ngoma yao ya ibada ambayo ni ya zamani sana na watu wanaicheza mpaka leo kwenye sherehe, wengine kwa vinyago. Kwa hiyo ni utamaduni wa watu umegeuzwa kuwa hadithi ya kubuni, mchezo haumfundishi mtoto kuabudu wala kusoma maneno ya kuita kitu. Lengo ni kulinda binti na kukomboa wanakijiji.

Kutisha, kunatisha kidogo, mashetani yenyewe yana maumbo ya ajabu, mengine ni nyama na macho tu. Angalia alama ya umri kwenye ukurasa wa kununulia, afu kaa naye nusu saa, mwambie akueleze anafanya nini. Ukiona havikukai moyoni, nyumba ni yako mama, neno lako ndo la mwisho.

Mbona hadithi yake haieleweki? Hawaongei! Nimemaliza vijiji saba sijasikia mtu akieleza kitu. — Msomaji, Nakuru

Kweli kabisa, na wamefanya makusudi. Yoshiro na Soh hawakai wakapiga soga, unasoma kwenye michoro, kwenye vibao vya maombi unavyookota, kwenye uso wa yule binti jinsi anavyochoka. Mimi nilipenda, kwa sababu hakuna kukatizwa kila dakika tano na video ya mtu anajieleza. Lakini nakubali, ukifika katikati hujui hata unamchukia nani, bosi anakufa unabaki "haya, huyu alikuwa nani sasa?" Kwa msomaji wa hadithi huo ni udhaifu. Faida yake ni moja, maandishi ni machache, kwa hiyo mtu ambaye Kiingereza chake ni cha kuungaunga anacheza bila shida.

Kuna gemu nyingine za staili hii, upanga na kupanga jeshi kwa pamoja? Nimezunguka sipati. — Msomaji, Dodoma

Hupati kwa sababu ni chache, na ni chache kwa sababu ni ngumu kutengeneza, padi haina panya wa kompyuta wa kuchagua watu mia kwa wakati mmoja. Mwaka 2004 kwenye Xbox ya kwanza kabisa Wakorea wa Phantagram walitoa Kingdom Under Fire: The Crusaders, unaongoza vikosi kwenye ramani halafu wakigongana unashuka mwenyewe na silaha, na muziki wa magitaa mazito. Ile ilijali mpaka jua na upepo. Tatizo lake, ukiwa unapigana vikosi vingine vinateketea huko hujui.

2009 ikaja Brütal Legend, wengi walinunua wakidhani ni ya kukatana tu, kufika katikati wanaambiwa haya ongoza jeshi, wakakasirika. Hapo ndo naona Kunitsu-Gami imekuwa na akili, kijiji cha kwanza tu inakuonyesha mchana na usiku, huwezi kusema ulidanganywa. Na kama una Switch, jaribu Pikmin 4, haina upanga ila roho ni hiyohiyo, jua likizama uwe umeshawarudisha watu wako.

Nilinunua padi ya mtumba ya PS4, Soh anatembea mwenyewe bila kuguswa, anaingia kwenye mashetani. Ni gemu au padi? — Msomaji, Temeke

Padi. Ule mpini wa analogi ndani una vipande vinavyosuguana, vikilika au vikiingia vumbi unajiendea wenyewe. Zima, chomoa, dondoshea spiriti safi kidogo chini ya mpini, uzungushe zungushe, uache ukauke kabisa kabla ya kuwasha. Ikirudia baada ya wiki basi kimelika, fundi abadilishe analogi tu, sio padi nzima, na usikubali akikwambia lazima mpya. Kwa sasa Soh akikuzidi, cheza kile kijiji ambacho yeye hapigani.