Jina lisiloandikika

SWALI: Dada, niko Tanga, naanza kuuza viungo vya pilau mtandaoni. Nimebuni jina "Xpyce Qween", ila mdogo wangu anasema halisomeki. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wako kaona mbali, mdogo wangu. Nilipoanza kuuza mabuibui nilijiita "Zhaynabz". Mteja akanitafuta Instagram kwa "Zainabu", akaangukia duka la mwingine, akanunua hukohuko. Iliniuma mno. Mpigie shangazi yako simu, mtajie jina mara moja, aliandike; akikosea, liache. Mimi napenda "Harufu ya Pilau". Kabla hujachapisha vibandiko, litafute kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, uone pia kama anwani ya tovuti ya .co.tz iko wazi. Kusajili jina hakukupi alama ya biashara, yaani ulinzi wa kisheria wa jina au nembo ya bidhaa zako. Hiyo inasajiliwa peke yake, BRELA hapohapo.