Maswali ya Wasomaji: Kromu kwenye Gari la Mbio la Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Datsun 240Z ya mwaka 1972 ambayo marehemu baba alishindana nayo katika mbio za hapa nchini, na sasa ninaifufua. Fundi mmoja amenitajia bei ya kupaka kromu mabampa na vishikio vya milango, na bei hiyo imenishtua. Mwingine anasema atafanya kazi hiyo hiyo kwa nusu ya bei, tena atapaka kromu mikono ya saspensheni, springi na bolti zote ili gari zima ling'ae. Nimfuate yupi? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa msiba wa mzee, na hongera kwa kulitunza gari la aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Kabla hujatoa hata shilingi, waulize mafundi wote wawili bampa litapitia hatua zipi kabla ya kuingizwa kwenye tangi la kromu, yaani tangi la dawa inayopitishiwa umeme ili kromu ishike kwenye chuma, kwa sababu tofauti ya bei imo humo.

Kromu unayoiona kwenye bampa ni utando mwembamba mno, ambao kwa kawaida haufikii hata nusu ya maikroni (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na hauwezi kuficha kasoro yoyote. Mng'ao wenyewe, pamoja na kinga dhidi ya kutu, hutoka kwenye nikeli iliyo chini yake, ambayo kwa bampa hufaa iwe na unene wa maikroni 20 hadi 40. Kromu huiongezea ugumu, huipa ile rangi hafifu ya samawati, na huizuia isififie. Chini ya nikeli kuna shaba nyekundu, na hapo ndipo kazi kubwa ilipo. Fundi makini huvua kwanza kromu na nikeli ya zamani, hunyoosha mabonde kwa nyundo, husugua chuma kwa msasa mkali hadi ule laini kabisa, kisha hupaka shaba, ambayo kwa kuwa ni laini hujaza mikwaruzo na kusuguliwa tena kwa urahisi. Palipobaki kishimo, hulirudisha bampa kwenye shaba na kulisugua upya, hata mara ya pili na ya tatu. Unacholipia hasa ni saa hizo za kusugua, na anayekata bei kwa nusu huenda amezikata saa hizo.

Omba ulione bampa likiwa bado na rangi ya shaba. Lisimamishe chini ya taa ndefu ya dari na uutazame mstari wa mwanga ukitembea juu yake: ukijipinda au kukatika mahali popote, utajipinda vivyo hivyo baada ya kromu, na wakati huo marekebisho yatahitaji kuanza upya.

Kuhusu vishikio, vingi vya enzi hiyo ni vya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, na ugonjwa wake ni vishimo vinavyochimbika chini ya kromu kama ndui. Kila kishimo hutobolewa hadi ifikiwe zinki safi, kisha hujazwa. Tangi la kawaida la shaba lina tindikali inayoila zinki, kwa hiyo ni lazima kishikio kipate kwanza utando wa shaba kutoka kwenye tangi lisilo na tindikali. Fundi asiyelijua hilo atakurudishia vishikio vilivyolika.

Sasa nije kwenye saspensheni, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kote. Tangi la kromu la aina ya zamani hutumia kiasi cha asilimia 10 hadi 20 tu ya umeme wake kujenga kromu. Sehemu kubwa ya unaobaki huzalisha hidrojeni, na sehemu ya gesi hiyo hupenya ndani ya chuma. Chuma laini cha bampa hakidhuriki sana, lakini chuma kigumu cha springi, au cha bolti zenye alama 10.9 na 12.9, huwa chepesi kuvunjika, na kinaweza kukatika siku kadhaa baadaye kikiwa kimebeba uzito, bila kupinda kwanza. Kinga yake ni kukioka chuma kwenye joto la nyuzi 190 hadi 220 za Selsiasi kwa saa kadhaa, tena kazi hiyo ianze ndani ya saa chache baada ya kutoka tangini. Kama fundi hana tanuri linalopimwa joto, asiziguse sehemu hizo. Mikono ya saspensheni ipimwe nyufa kwa sumaku na unga wa chuma ikiwa mitupu, kisha ipakwe rangi nyembamba, ili ufa mpya uonekane mapema. Rangi nene ya unga huficha nyufa, na kromu pia. Bolti ndogo za bodi zipakwe zinki ya manjano. Za steringi na breki zinunuliwe mpya.

Kwa hiyo mfuate wa kwanza, mradi akuoneshe shaba.

SWALI: Bampa langu limeota vidoa vya kutu kwa hewa ya bahari. Nitumie nini? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Finyanga karatasi ya alumini, ichovye kwenye maji, usugue taratibu, kisha suuza, kausha na upake nta. Epuka dawa za kusafishia choo zenye tindikali ya hidrokloriki, kwa maana huyeyusha kromu. Palipovimba au kubanduka, kutu imeshapita nikeli, na dawa ni kupaka upya.

SWALI: Je, naweza kujitengenezea tangi la kromu nyumbani? — Msomaji, Arusha

JIBU: Hapana. Kromu ya tangi la kale, ile yenye valensi sita, husababisha saratani, na mvuke wake huharibu pua na mapafu. Umoja wa Ulaya umezuia matumizi yake bila kibali maalumu tangu Septemba 2017. Ipo kromu ya valensi tatu yenye madhara madogo zaidi, lakini nayo inahitaji vipimo na udhibiti wa maji machafu ambao nyumba ya kawaida haina. Sugua vyuma vyako mwenyewe ukipenda, uokoe gharama hapo, kisha vipeleke kwa mwenye karakana iliyo na feni za kuvuta mvuke na mahali pa kusafishia maji yake kabla hayajafika mtaroni.