Vyeti vya kifo na vifo vya upasuaji

Dada, umeuliza kama vyeti vya kifo vya hapa Nairobi vinaweza kutuonyesha ni wangapi hufa baada ya upasuaji. Kwa sehemu ndogo tu. Cheti hutokana na fomu D1 inayojazwa hospitalini, na hapo ndipo ukweli hupotea. Niliposhika ile ya shangazi yangu, penye chanzo cha kifo paliandikwa moyo kusimama, basi. Alikuwa amepasuliwa utumbo siku tisa kabla! Moyo wa kila maiti umesimama. Kinachotakiwa ni kilichoanzisha yote na yaliyofuata: utumbo kujisokota, usaha tumboni, kisha maambukizi kwenye damu. Iliniuma, maana kwenye hesabu yeye si kifo cha upasuaji. Na aliyeruhusiwa akafia nyumbani huandikwa kwenye D2, fomu ya vifo vya nyumbani, na naibu chifu, ambaye hakuona faili lake.

Ndiyo maana watafiti humfuata mgonjwa mwenyewe, mara nyingi kwa siku 30. Utafiti wa nchi 25 za Afrika uliochapishwa 2018 ulikuta vifo karibu mara mbili ya wastani wa dunia, vingi mno vikitokea baada ya upasuaji kwisha. Anza na daftari la thieta (chumba cha upasuaji), kisha ulinganishe na D1.