Bourdieu: mwanafalsafa au mwanasosholojia?

Umeuliza Pierre Bourdieu, msomi wa Ufaransa, tumweke kundi gani: la wanafalsafa au la wanasosholojia. Yote mawili, ila kwa kufuatana. Alizaliwa 1930 Denguin, kijiji cha kusini-magharibi mwa Ufaransa, akasomea falsafa École normale supérieure, chuo teule cha Paris, kisha akaifundisha sekondari mjini Moulins. Kilichombadilisha ni Algeria. Alipelekwa huko 1955 kama askari wakati wa vita vya ukombozi, akabaki kufundisha Chuo Kikuu cha Algiers hadi 1960, huku akiwahoji wakulima waliohamishwa na jeshi kutoka vijijini mwao. Sosholojia aliijifunzia uwandani, ndiyo maana nadharia yake haiachani na mahojiano na takwimu. Mwaka 1981 alipata kiti cha uprofesa Collège de France, taasisi ya juu ya elimu mjini Paris, alifariki 2002.

Kosa la kawaida ni kusoma “mtaji”, dhana yake kuu, kama fedha tu. Yeye alihesabu pia vyeti, namna ya kuongea na watu unaojuana nao, maana navyo hurithishwa na hufungua milango. Ukitaka kumsoma, anza na kitabu Les Héritiers (“Warithi”, 1964), alichoandika na Jean-Claude Passeron kuhusu wanafunzi. Ukirukia La Distinction (1979), kitabu chake kuhusu ladha na matabaka, moja kwa moja, majedwali yatakukwamisha kabla hujajua anatafuta nini.