Nikatwe ada ya chama nisichojiunga nacho?

Maswali kuhusu makato ya chama cha wafanyakazi yamejaa, mengi yakitoka kwa ndugu zetu walioko Marekani. Nimeanza na haya.

Nafanya kazi ghalani Louisville, Kentucky. Msimamizi anasema hili ni jimbo la "right to work", kwa hiyo anaweza kunifukuza siku yoyote. Ni kweli?

Amechanganya mambo mawili, ama kwa kutojua ama kwa kukutisha. Sheria hiyo ya "haki ya kufanya kazi", iliyopita Kentucky mwaka 2017, inasema jambo moja tu: usilazimishwe kujiunga na chama wala kukilipa ili upate kazi au ubaki nayo. Kufukuzwa bila kuelezwa sababu ni kanuni nyingine, ya zamani zaidi, na ipo hata New York na California ambako sheria hii haipo. Jimbo pekee linalomtaka mwajiri awe na sababu ya msingi, muda wa majaribio ukishapita, ni Montana, nalo halina "right to work". Kinachoweza kumfunga mikono msimamizi wako ni mkataba wa hali bora, na huo hujadiliwa na chama. Aliyeibatiza sheria hii jina lake alikuwa mjanja kwelikweli.

Mbona majimbo mengine watu wanakatwa na mengine hawakatwi?

Ni matunda ya sheria ya Taft-Hartley ya mwaka 1947. Rais Truman aliikataa, Bunge likaipitisha hivyo hivyo. Iliruhusu kila jimbo kuamua kama mwajiri na chama wanaweza kukubaliana kwamba kila mfanyakazi alipe. Leo majimbo 26 yamekataza makubaliano hayo. Ramani hiyo haitulii: Michigan ilipiga marufuku mwaka 2012, ikajirudi mwaka 2023, Missouri bunge la jimbo lilipitisha, wananchi wakaikataa kwa kura Agosti 2018.

Florida na Arkansas zilitangulia kukataza mwaka 1944, hata kabla ya Taft-Hartley. Mmoja wa wapiga debe wakubwa wa katazo hilo wakati huo, Vance Muse wa Texas, aliwatisha wazungu kwamba vyama vitawachanganya na weusi. Si ajabu Martin Luther King, mwaka 1961, aliwaonya watu wasidanganywe na kaulimbiu ya "right to work". Sisemi kila anayeiunga mkono leo ana roho ya Muse.

Asiyelipa asitetewe, basi! Kwa nini chama kisiwahudumie wanachama wake peke yao?

Fikiria mlinzi wa mtaa. Nyumba 20 zinachanga, ya 21 inagoma. Mwizi akija, filimbi inalia kwa wote. Sasa ongeza kwamba serikali imemwamuru mlinzi ailinde ile ya 21 sawasawa na nyingine, la sivyo ashtakiwe. Hiyo ndiyo hali ya chama Marekani. Kwa sheria ya mwaka 1935, chama kilichochaguliwa na walio wengi ndicho msemaji pekee wa wote, waliokitaka na wasiokitaka.

Wajibu wa kuwatendea haki wote ulithibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1944, katika kesi ya Steele, mfanyakazi mweusi ambaye kazi yake ilikuwa kuchochea moto wa injini kwenye garimoshi za reli ya Louisville na Nashville. Chama kilichomsemea kiliwakataza weusi kujiunga, kisha kikajadiliana na kampuni ili waondolewe kazini. Ndiyo maana simwiti kila asiye mwanachama mdandiaji. Wengine walifungiwa mlango.

Ila vyama vyenyewe vinaupenda usemaji huo wa pekee, kwa sababu ndio unaovipa nguvu mezani. Ukipokea nguvu, pokea na mzigo wake. Kwangu mimi, anayefaidi mkataba achangie gharama ya kuujadili. Mkono mtupu haulambwi. Siasa za chama ni shauri lingine, na tangu kesi ya Beck ya mwaka 1988 asiye mwanachama kwenye sekta binafsi anaweza kukataa kuzigharamia.

Wapinzani wana hoja moja inayonisumbua: chama chenye uhakika wa pesa hulala. Nevada ina "right to work" tangu miaka ya 1950, na bado chama cha wapishi na wahudumu wa hoteli za Las Vegas kina wanachama wapatao 60,000. Kinawafuata mmoja mmoja. Lakini North Carolina, yenye sheria hiyohiyo, mwaka 2024, wanachama walikuwa asilimia 2.4 tu ya wafanyakazi.

Naendesha basi la shule ya umma Illinois. Nalazimika kulipa?

Hapana. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Janus, Juni 27, 2018, kura tano kwa nne, mtumishi wa umma halipi asipotaka, jimbo lolote.

Mimi ni muuguzi Mkenya, hospitali binafsi Minneapolis, na ni Msabato. Kanisa letu halipendi vyama hivi. Nifanyeje?

Dada, Minnesota haina "right to work", lakini una njia. Sheria ya shirikisho, kwa wahudumu wa afya tangu mwaka 1974 na kwa wengine tangu 1980, inamruhusu mwenye dini inayopinga vyama kwa desturi kupeleka kiasi kilekile kwa shirika la hisani lisilo la dini wala la wafanyakazi. Andikia chama barua. Ujue tu kwamba siku ukitaka kikupiganie dhidi ya mwajiri, kinaweza kukutoza gharama ya shauri lako.

Niko kiwandani Morogoro. Sikujaza fomu yoyote, ila slipu ya mshahara inaonyesha nakatwa. Huu si wizi?

Inategemea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 72, inaruhusu ada ya uwakala, yaani makato ya asiye mwanachama kwa kuwakilishwa na chama, bila idhini yako pale chama kinachotambuliwa kinapokubaliana hivyo na mwajiri. Haiwezi kuzidi ada ya mwanachama, inawekwa kwenye akaunti ya peke yake, na inatumika kwa maslahi ya wafanyakazi wa hapo kazini kwenu tu. Hupaswi kulazimishwa uanachama. Nenda kwa afisa utumishi uombe kuyaona makubaliano hayo. Yasipokuwepo, hayo makato hayana mguu wa kusimamia.