Fundi Anajibu: RAM imeingia, kompyuta imegoma

Swali

Shikamoo fundi. Nina duka la steshenari Ngamiani, hapa Tanga, ambako natoa fotokopi, nachapa barua na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta yangu ya mezani niliinunua ikiwa imeshatumika, na ilikuwa na RAM mbili za GB 2 kila moja. Kwa kuwa ilikuwa ikikwama kila nilipofungua kurasa nyingi, nilinunua RAM mbili za GB 8. Muuzaji alisema ni DDR3 kama zangu, hivyo zitaingia, na kweli ziliingia, ingawa ili kuzifikia sloti nililazimika kuinua kitako cha diski na kuchomoa waya kadhaa. Nilipowasha, feni ilizunguka, skrini ikabaki nyeusi, na kompyuta ikawa inatoa mlio mrefu, inanyamaza, kisha inalia tena bila kukoma. Nikachanganya moja ya zamani na moja mpya, ikawa vilevile. Mwishowe nimerudisha zile za zamani kama zilivyokuwa, na sasa haileti picha wala hailii. Ni feni tu inayozunguka. Fundi wa jirani amesema bodi mama imeungua, ninunue nyingine. RAM za zamani zimeandikwa 2GB 1Rx8 PC3-12800U, na mpya zimeandikwa 8GB 2Rx4 PC3-12800R. Je, nikubali?

*Mwenye duka, Ngamiani*

Jibu

Marahaba. Usikubali kwanza. Kompyuta yako imepatwa na mambo mawili yaliyofuatana, na kwa kuwa yote mawili yameishia kwenye skrini nyeusi, yameonekana kuwa jambo moja. Kulia kwake kunaelezwa na herufi ya mwisho ya maandishi uliyoyanakili, na nakushukuru kwa kuyanakili, maana wengi huniandikia "RAM ya GB 8" basi. Kunyamaza kwake ni habari nyingine, na huenda hakuhusiani na RAM hata kidogo.

Tuanze na maandishi. PC3 ni DDR3, yaani kizazi cha tatu cha RAM za DDR. Alama kama 1Rx8 au 2Rx4 huonyesha jinsi chipu zilivyopangwa kwenye kipande. Namba 12800 ni kasi, yaani megabaiti 12,800 kwa sekunde, zinazopatikana kwa kupitisha data mara milioni 1,600 kila sekunde, baiti 8 kila mara. Mpaka hapo RAM zako za zamani na mpya ni sawa. Zinapoachana ni mwishoni: U ni RAM ya kawaida ya kompyuta za mezani, na R ni RAM ya seva. Ile ya seva ina chipu ya ziada, ambayo kwa kawaida hukaa katikati ya kipande, na kazi yake ni kupokea amri kutoka kwenye kidhibiti cha kumbukumbu na kuzigawa kwa chipu nyingine zote, ili seva iweze kubeba vipande vingi bila kidhibiti kuelemewa. Kompyuta ya kawaida ya mezani haikuundwa kuzungumza kupitia chipu hiyo, kwa hiyo huiona sloti yenye RAM ya namna hiyo kama yenye RAM mbovu au kama tupu. Ukihesabu chipu za RAM yako mpya, pande zote mbili, huenda ukazikuta 36, wakati ile ya zamani ina 8.

Muuzaji wako hakusema uongo alipokuambia zitaingia. RAM ya DDR3 ya mezani na ile ya seva zote zina pini 240 na mkato mahali pamoja, na ndiyo maana kuingia kwake si ushahidi wa lolote. Angekupa DDR4 ungejua papo hapo, kwa sababu ile ina pini 288 na mkato wake uko mahali pengine. RAM zinazotolewa kwenye seva zilizostaafu huuzwa kwa bei ya chini kuliko za mezani zenye ukubwa uleule, na mnunuzi akivutwa na bei hasomi herufi ya mwisho. Kuchanganya moja ya zamani na moja mpya kusingeweza kusaidia, kwa kuwa aina hizi mbili hazifanyi kazi pamoja hata ndani ya seva. Sidhani kama RAM hizo zimeharibika, wala sidhani kama zimeiharibu kompyuta. Zinatumia volti 1.5 kama ndugu zake za mezani. Zirudishe dukani ukiwa na maelezo haya.

Sasa kimya, ambacho kwangu ndicho kiini cha barua yako. Mlio wa kompyuta inapowashwa hautoki kwenye RAM. Unatolewa na programu ya BIOS iliyomo kwenye bodi, na programu hiyo haiwezi kwenda bila prosesa kuitekeleza. Ina maana kwamba siku ulipoweka RAM zisizofaa na kompyuta ikalia, prosesa ilikuwa hai, BIOS ilikuwa hai, na bodi ilikuwa hai vya kutosha kukulalamikia. Aliyekuambia bodi imeungua anapaswa kueleza imeungua saa ngapi kati ya mlio wa mwisho na kurudishwa kwa RAM za zamani. Kilichotokea katikati ni mikono iliyoingia ndani ya kasha, ikainua kitako cha diski, ikachomoa waya na kuzirudisha.

Kwa hiyo zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote kingine. Hewa ya Tanga ina unyevu, na umeme tuli hautusumbui kama unavyowasumbua wenzetu wa bara wakati wa kiangazi, lakini kugusa chuma hakugharimu kitu. Tafuta karibu na prosesa plagi ndogo ya mraba yenye matundu manne, waya mbili za njano na mbili nyeusi. Hiyo ndiyo inayoipelekea prosesa volti 12. Feni hupata umeme wake kupitia plagi kubwa ya bodi, kwa hiyo inaweza kuzunguka vizuri kabisa huku prosesa haina umeme, na kompyuta ya namna hiyo haileti picha wala hailii. Dalili zako ndizo hizo. Ichomoe na uirudishe mpaka kibanio chake kishike. Angalia pia kama waya wa spika ndogo ya ndani haukuchomoka, maana ukiwa umechomoka, kimya hakina maana yoyote.

Baada ya hapo toa RAM zote, uache sloti tupu, uwashe. Watu hushangaa ninapowaambia wawashe kompyuta isiyo na RAM, lakini hakuna jaribio rahisi kuliko hili. Ikilia, bodi na prosesa vina uhai na maneno ya kuungua yamekwisha. Ikinyamaza wakati plagi ya prosesa imekaa na spika imeunganishwa, mwombe fundi aazime pawa saplai inayofanya kazi kutoka kwenye kompyuta nyingine na ajaribu nayo. Bodi ishukiwe baada ya hapo, si kabla.

Ikiwa imelia, chomoa umeme tena, weka RAM moja tu ya zamani katika sloti moja, uwashe. Isipowaka, ihamishie sloti nyingine, kisha ijaribu ya pili vivyo hivyo. Ukiweka mbili kwa pamoja hutajua ipi imekosea. Sukuma kwa vidole gumba viwili, kimoja kila mwisho, mpaka vibanio vijifunge vyenyewe kwa mlio mdogo. Ukikifunga kibanio kwa kidole, unaweza kudhani RAM imekaa kumbe upande mmoja umeinuka kwa milimita moja, na milimita hiyo inatosha kuiangusha kompyuta nzima.

Halafu kuna chumvi. Duka lenye mlango wazi katika mji wa bahari linapokea upepo wa kusi na wa kaskazi mwaka mzima, na ukungu mwembamba wa chumvi hujijenga juu ya pini za dhahabu bila kuonekana. RAM ikikaa miaka bila kuguswa, pini zake hubaki zimegusana vizuri na sloti; ukiichomoa na kuirudisha, zinakaa mahali papya, juu ya uchafu. Chukua ufutio wa penseli, ambao bila shaka unao dukani, usugue pini taratibu mbali na kasha ili vumbi la ufutio lisiingie kwenye sloti, kisha ufute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye alkoholi ya isopropili kidogo. Usitumie msasa, mafuta ya taa wala manukato. Sloti zisafishwe kwa brashi laini kavu, usizipulize. Pumzi ya mdomo huacha mate.

Ikiwa bado, toa ile betri bapa ya volti 3 iliyoandikwa CR2032 kwa dakika chache, umeme ukiwa umechomolewa, ili mipangilio ya BIOS irudi ilivyotoka kiwandani. Ikiwaka, rekebisha tarehe na saa kabla ya kumhudumia mteja yeyote, la sivyo tovuti nyingi za fomu zitakataa kufunguka zikidai kwamba muunganisho si salama, nawe utaanza kutafuta ubovu mpya usiokuwapo.

Utakaponunua tena, tafuta iliyoandikwa 8GB 2Rx8 PC3-12800U. Ukikuta 8GB ya DDR3 iliyoandikwa 1Rx8, iache, kwa sababu chipu zake ni za ujazo ambao prosesa nyingi za Intel za wakati huo haziwezi kuusoma. Kabla ya kulipa, tazama kwenye maelezo ya bodi yako ukubwa wa juu kabisa unaokubalika kwa kila sloti, maana zipo zinazoishia GB 4. Na kwa kazi unazozitaja, GB 8 kwa jumla zinatosha; fedha inayobaki ningeiweka kwenye diski ya SSD, na ungeona tofauti kubwa kuliko ya GB 16.

Swali

Fundi, laptopu yangu ina RAM moja ya GB 4 iliyoandikwa PC3L-12800S. Rafiki yangu amenipa nyingine ya GB 4 kutoka kwenye laptopu yake ya zamani, PC3-12800S. Nikiweka hiyo aliyonipa, peke yake au pamoja na yangu, inatoa milio miwili na haiwaki. Ya kwangu ikiwa peke yake inawaka. Kwake ilikuwa nzima.

*Mwanafunzi, Raskazone*

Jibu

Bado ni nzima. L ile ina maana ya volti 1.35, na isiyo na L inahitaji volti 1.5. Laptopu nyingi za kuanzia kizazi cha nne cha Intel, kilichotoka mwaka 2013, hutoa volti 1.35 tu, na RAM ya rafiki yako haiwezi kuamka kwa kiasi hicho. Kinyume chake huwezekana: RAM yenye L kwa kawaida hufanya kazi kwenye laptopu ya volti 1.5, kwa hiyo yako ingeweza kuwaka kwake. Kuhusu milio, usiichukulie kuwa lugha moja ya kompyuta zote. Kwenye laptopu nyingi za Dell miwili ni kutoonekana kwa RAM, wakati kompyuta za mezani za ofisi za HP za miaka hiyo zilitumia mitano pamoja na taa nyekundu kwa tatizo la RAM. Tafuta maana yake kwa jina la modeli. Na kabla ya kufungua laptopu chomoa chaja, kisha itoe betri au uichomoe kwenye bodi, kwani kuizima tu hakuondoi umeme kwenye sloti.

Swali

Tunahariri video za harusi Chumbageni. Kompyuta yetu ni mpya, ina prosesa ya AMD Ryzen 7000 na RAM mbili za DDR5. Tumeongeza mbili nyingine za aina ileile kabisa, na sasa skrini ni nyeusi, feni zinazunguka. Tumeizima na kuiwasha mara nyingi, hali ni ileile.

*Wahariri, Chumbageni*

Jibu

Huenda mnaizima kabla haijamaliza. Bodi za DDR5, hasa za AMD za kizazi hiki, zikiona RAM zimebadilika huanza kupima upya namna ya kuzungumza na kila kipande, na kwa vipande vinne vikubwa upimaji huo unaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi muda wote. Kila mnapozima, unaanza upya. Iwasheni mkiwa na umeme wa uhakika au UPS, muiache robo saa bila kuigusa.

Ikishindwa, rudisheni mbili za mwanzo, kwa kawaida katika sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, muingie BIOS na kuzima EXPO (mpangilio unaoipa RAM kasi kubwa kuliko ya kawaida), kisha muongeze tena. Prosesa hizo AMD imezipa kasi rasmi ya 5200 kwa vipande viwili, lakini kwa vinne ni 3600 tu, hivyo msitarajie vinne viende kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Kama duka litakubali kubadilisha, ningerudisha vyote vinne na kuchukua viwili vyenye ujazo mkubwa zaidi, vilivyouzwa pamoja katika boksi moja.