Usifunge duka mwezi ukiwaka

Nauza vifaa vya uvuvi hapa Bukavu, hatua chache kutoka mahali mitumbwi ya sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, inaposhusha asubuhi. Wenzangu wanaouza madaftari wanajua wakati wao mbaya uko wapi kwenye mwaka. Wangu unakuja kila mwezi, na anayeuleta ni mwezi wenyewe ukiwa mpevu.

Kwa asiyejua Kivu: sambaza wanavuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unateremshwa, taa inawashwa, samaki wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikitanda, ziwa zima linawaka. Taa yako nani ataifuata? Basi karibu juma zima wavuvi wanalala kwao, na dukani ni mimi na nzi.

Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nafunga. Nakaa nyumbani, nakula mtaji. Siku moja saa nane mchana mzee mmoja, kiongozi wa timu, akaja kunigongea mlango akitafuta uzi wa nailoni. Nikamwambia arudi mwezi ukishapungua, usiku wa giza ukianza. Akanicheka. "Mwanangu, giza likianza mimi niko ziwani usiku na nimelala mchana. Nitakuja kununua saa ngapi?"

Tulipoteremka pamoja nikaona vijana wake wametandaza wavu kwenye nyasi, umetoboka kama kichungio. Ndipo nikaelewa: juma ninaloliita la kimya ndilo mteja wangu yuko nchi kavu, ameamka, na vifaa vyake vimeharibika. Hana pesa ya wavu mpya, ni kweli. Lakini uzi, sindano ya kushonea, vielea, risasi za kuzamishia wavu, kamba, atanunua. Siku hizi vitu hivyo naviweka mbele, na nje chini ya mabati nimeweka benchi. Kijana mmoja anashona, tunapatana bei kwa ukubwa wa tundu. Faida ni ya mia mia, lakini inalisha nyumba, na anayeshonewa leo ndiye anayenunua wavu baadaye.

Kilichonitesa zaidi ni kodi ya duka. Mwenye nyumba anafuata kalenda ya ukutani, wavuvi wanafuata mwezi wa angani, na mwezi wa angani una siku 29 na nusu tu. Kwa hiyo juma la kimya halikai mahali pamoja: ndani ya mwaka linarudi nyuma kama siku 11. Kuna miezi linaangukia katikati, unapumua. Kuna miezi linaangukia mwisho kabisa, baba mwenye nyumba anasimama mlangoni na wewe hujauza hata taa moja. Nilidhani ni mkosi, nikafunga kula na kuomba juu yake. Ilikuwa hesabu tu. Sasa nimechora mbalamwezi zote kwenye daftari tangu Januari. Inapogongana na kodi, pesa ya kodi naiweka pembeni majuma mawili kabla, kukiwa bado giza, na kwenye likelemba, mchango wetu wa kupokezana, naomba zamu yangu iangukie hapo.

Deni pia lina wakati wake. Usimkopeshe mvuvi taa au batri mwezi unapokua. Utangoja mpaka upevuke, upungue, na yeye arudi ziwani, na katikati hapo watoto wake watakuwa wamekula. Mkopeshe giza linapoanza, umdai asubuhi sambaza wakiwa bado kwenye ndoo. Akikulipa dola, zitazame kingo zote nne. Iliyopasuka hata kidogo hakuna atakayeipokea kwako.

Na jambo moja nalikataa hata nikiwa sijauza siku tatu: vyandarua vya mbu. Wapo wanaovitafuta juma hili hili, wakavute vitoto vya samaki kando ya maji. Wauze wengine.

Usingoje mwezi ufe kabisa ndipo upange upya mbele ya duka. Siku tatu nne baada ya kupevuka unachelewa kuchomoza, wavuvi wanapata saa za giza mwanzoni mwa usiku, na wale wenye njaa zaidi wanatoka. Jana umechomoza karibu saa tatu usiku. Leo asubuhi nimeshatoa taa kwenye katoni.